Mume wangu ameota mizizi kwenye kochi, baridi ya Dublin ndiyo kisingizio

Shikamoo Somo,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi katika hospitali moja hapa Dublin. Nilitangulia peke yangu kwa kibali cha kazi, mume wangu na watoto wakanifuata baadaye. Binti ana miaka minane, mdogo wake wa kiume minne. Tunaishi Blanchardstown, nyumba ya kupanga. Gari hatuna, kwa sababu leseni ya Tanzania huku huwezi kuibadilisha ukapewa ya hapa. Mume wangu inabidi aanze upya kama mwanafunzi, na bado anahangaika na masomo ya udereva.

Tatizo langu ni wikendi. Kiangazi hatukuwa na shida. Jua linakaa hadi karibu saa nne usiku, watoto wanacheza nje mpaka uwaite mara tatu. Lakini saa ziliporudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, mume wangu naye akarudi ndani. Anafanya kazi ghalani, siku tano anasimama na kubeba, nampa haki yake. Ila Jumamosi na Jumapili ni kochi, blanketi hadi shingoni na rimoti mkononi, kuanzia mpira wa mchana hadi wa usiku. Ukimwambia tutoke, majibu anayo tayari. Baridi. Mvua. Nauli. Tanga kuna ada ya mdogo wake. Na siku hizi ameongeza la swala: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zimebanana kiasi kwamba ukitoka tu umezikosa zote. Tukijitahidi sana tunaishia kwenye maduka makubwa ya hapa jirani, Lidl na mengine, tunazunguka, watoto wanalilia kila wanachokiona, tunarudi tumenuniana.

Oktoba nilimshawishi twende Cliffs of Moher kwa basi la watalii. Mvua ilitupiga kwa ubavuni, mwavuli ukapinduka, ukungu ukatanda tusione bahari wala jabali, na yule mdogo akalia kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo tu ananitajia Moher.

Sasa sikia kilichonitoa jasho. Novemba nilikwenda shuleni kwenye ule mkutano wa mzazi na mwalimu. Huku watoto wa msingi wana daftari la kuandika habari zao. Jumatatu wanaandika walichofanya wikendi na kuchora picha. Mwalimu, mama mpole tu, akaniuliza huku anatabasamu, "Na Galway mliionaje?" Nikabaki mdomo wazi. Akanifunulia daftari. Binti yangu ameandika kwamba Jumamosi tulikwenda Galway kwa treni, baba akamnunulia aiskrimu, na yeye akamwona sili baharini. Sili kamchora na sharubu. Galway hatujawahi kukanyaga. Kurasa za nyuma tumeshakwenda Kerry, na kwa babu mwenye shamba la farasi. Babu yake yuko Pongwe, hana hata punda.

Nilipomuuliza nyumbani akanijibu, "Mama, wenzangu wote wanaandika. Mimi niandike nini, tulikwenda Lidl?"

Somo, nimeumia. Sasa kina dada wenzangu wa hapa, Watanzania, Wakenya na Mkongo mmoja, wanakodi basi dogo Desemba kwenda Belfast kwenye soko la Krismasi, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Wanasema hakuna mpaka wala askari, unajua umevuka pale tu vibao vya barabarani vinapoacha kilomita na kuanza maili. Nataka niwachukue watoto, yeye abaki na kochi lake. Anasema nikienda bila yeye nimemdharau. Nifanyeje? Na huyu binti, nimwadhibu kwa uongo ule au nimwache?

Mke wa Kochi, Dublin 15

*

Marhaba mwanangu.

Nianze na Belfast, maana hiyo ndiyo ya hatari. Mengine yote ni ya ndani ya nyumba na yanaweza kusubiri.

Usiende. Ireland ya Kaskazini ni Uingereza. Kadi yako ya ukaazi, hiyo IRP, inakupa haki ya kukaa katika Jamhuri ya Ireland, basi. Pasipoti ya Tanzania inadai viza ya Uingereza, ya Kenya vilevile, ya Kongo ndiyo kabisa. Hao wenzako wanachanganya mambo mawili: kutokuwepo kizuizi barabarani, na kuruhusiwa kupita. Kweli kizuizi hakuna. Lakini ile ruhusa ya kwenda na kurudi bila kuulizwa kati ya nchi hizi mbili ni ya raia wao, si ya mgeni mwenye kadi ya ukaazi. Na ukaguzi wa kushtukiza upo. Mabasi yanayoshuka kuelekea Dublin yanasimamishwa, Garda, yaani polisi wa hapa, wanapanda, wanaomba vitambulisho, na wewe uko na watoto wawili na mifuko ya soko. Ukikutwa, doa hilo linaweza kukufuata kwenye maombi ya viza na hata ya uraia, maana uraia wa hapa hauangalii miaka ya kukaa peke yake, mwenendo nao unatazamwa. Yote hayo kwa ajili ya soseji za Kijerumani ambazo wewe hata huli?

Kama Belfast imekukaa rohoni, omba viza. Ila ujue ni zaidi ya pauni 100 kwa kichwa na mtoto halipi nusu. Familia yako nzima ni zaidi ya pauni 400 kabla hamjapanda basi. Kwa pesa hiyo mtazunguka Jamhuri hii mpaka Machi.

Kuna mtego mwingine, na huu watu wengi hawaujui: Donegal. Donegal ni Jamhuri, ni halali yako kabisa. Lakini basi la kawaida kutoka Dublin kwenda Letterkenny linapitia Omagh na Strabane, yaani linakatiza Ireland ya Kaskazini kisha linatoka tena. Unakata tiketi ya mji wa Jamhuri kwenda mji wa Jamhuri, na katikati umevunja sheria ukiwa umelala. Mkitaka Donegal, pandeni treni ya Sligo pale stesheni ya Connolly, halafu basi la kupanda nalo kaskazini. Ni mzunguko, lakini hamtoki nje ya nchi. Waambie na hao kina dada kabla hawajatoa malipo ya awali ya basi lao. Soko la Krismasi Galway lipo pia, pale Eyre Square, na treni kutoka stesheni ya Heuston ni kama saa mbili na nusu. Mengine ni bei. Kikombe cha chokoleti ya moto pale kitakufanya uikumbuke chai ya nyumbani.

Sasa mumeo. Mimi simwiti mvivu. Safari ya kwanza ya baridi mliyompa ilikuwa mbaya kwa kuanzia: zaidi ya saa tatu kwenye basi, mtoto wa miaka minne, kwenda kusimama juu ya majabali ya mita 214 yanayotazamana na Atlantiki uso kwa uso. Upepo wa pale hauna adabu hata Julai. Mtu akionjeshwa hivyo, kochi anaona pepo.

Lakini hoja yake ya mvua usiikubali kizembe. Mwambie, kwa kuwa ni mtu wa Tanga: Dublin inapata kama milimita 750 za mvua kwa mwaka, Tanga inapata zaidi ya 1,000. Kakulia kwenye mvua kubwa kuliko hii. Ya Tanga inakuja kwa kishindo, mnakimbilia barazani, inapiga, inaisha, jua linawaka. Ya Dublin ni manyunyu yasiyokufukuza. Yanakulowesha kidogokidogo unapiga soga, ukija kushtuka umeloa hadi soksi. Ukikaa ndani kuyasubiri yaishe utasubiri hadi Aprili. Kwa hiyo mwavuli acheni. Kila mtu awe na koti lisilopenya maji lenye kofia, watoto wavalishwe suruali ya mvua juu ya nguo zao, miguuni mabuti ya mpira. Jinzi kwa matembezi ya baridi ni adui, ikilowa inakugandia mwilini na haikauki. Wala msinunue vipya, watoto wanakua. Maduka ya Vincent's ni mitumba, tena safi, na sisi mitumba hatufundishwi.

Kinachowashinda nyinyi ni giza. Katikati ya Desemba jua la Dublin linachomoza saa mbili na nusu na dakika kadhaa asubuhi, na saa kumi na dakika chache alasiri limeshazama. Saa saba na nusu za mwanga, hakuna nyingine. Nahisi kwenu Jumamosi mnaamka saa nne, chai inanyweka mpaka saa tano na nusu, mtoto mmoja anatafutiwa soksi, na wakati mnaanza kubishana kama mtoke, mchana umebaki mkia. Hapo hata mimi nisingetoka.

Tokeni saa tatu asubuhi. Rudini saa nane na nusu. Kwa mpango huo visingizio vyake viwili vinaanguka kwa mpigo. Adhuhuri kipindi hicho inaingia saa sita na nusu hivi: mkeka mdogo ndani ya begi, mnaswali hukohuko mlipo. Alasiri inaingia karibu na saa nane, mtaiwahi nyumbani kabla ya Magharibi. (Safari ipi inaruhusu kupunguza swala, muulizeni sheikh wenu, mimi si mufti.) Na mpira wa saa tisa anaukuta, blanketi anarudishiwa. Usimpokonye mpira, utapoteza vita vyote.

Safari ya kwanza nendeni Howth. Sili wa binti yako wako huko, wala si Galway.

Kutoka kwenu pandeni treni Coolmine au Castleknock hadi Connolly, pale mhamie DART, treni ya pwani, ya kwenda Howth. Kwa kadi ya Leap mtu mzima anakatwa euro 2, na ndani ya dakika 90 mnabadili treni, basi au tramu bila kukatwa tena. Mkubwa wenu kama anakatwa ni senti tu, mdogo halipi. DART ikikaribia Howth bahari inaanza kuonekana, kaeni upande wa kushoto mkielekea huko. Mkishuka kituoni bandari iko mbele yenu. Tembeeni taratibu kwenye gati la wavuvi, upande wenye maduka ya samaki, na watoto watazame maji ya katikati ya boti. Kichwa cheusi kinachomoza, kimelowa kinang'aa, kina sharubu, kinawakodolea macho makubwa kana kwamba nyinyi ndio mliokuja kuonwa. Kisha kinazama bila hata kiwimbi. Hao ni sili wa kijivu, wanafuata mabaki ya samaki. Msiwarushie chakula, vibao vinakataza, na mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote kwa sababu ukuta wa gati hauna kingo. Kuna njia ya juu ya majabali kuzunguka rasi yote, nzuri mno. Hiyo iacheni hadi mdogo afike miaka sita na siku iwe kavu. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi na chapati. Samaki na chipsi za pale ni tamu na ni ghali. Chukueni pakiti moja mgawane, na ulizeni kama mafuta yamekaangia soseji.

Jumatatu binti ataandika sili wa kweli. Usimwadhibu. Uongo wake haukuwa wa kuficha kosa, aliona aibu ya ukurasa mtupu. Ila usimwachie hivihivi pia, maana akizoea atakuja kuandikia hata watu wasiokuwepo. Mnunulie daftari la pili. Mwambie la shule ni la yaliyotokea, hili la nyumbani ni la kutunga, humo babu apewe farasi hata mia. Na mwonyeshe kwamba Pongwe yenyewe ni habari. Darasani kwao nani mwingine ana babu anayeamka kukwangua nazi? Amwite kwa video Jumapili, Jumatatu aandike alichoambiwa.

Nakuuliza na wewe jambo, usikasirike. Katika barua yako yote umetaja Moher, Galway, Kerry na Belfast. Bustani ya Phoenix Park hukuitaja, na lango lake la Castleknock liko pua na mdomo na kwenu. Hekta 707, kulungu wanatembea huru tangu enzi za wafalme, bure. Je, ni mtoto anayetaka mbali, au ni picha za kuweka kwenye WhatsApp? Kulungu nao hawalishwi, wala mtoto asisogezwe karibu apigwe picha, pembe si mapambo. Ndani ya bustani hiyohiyo ndipo ilipo ikulu, Áras an Uachtaráin, na Jumamosi huwa kuna matembezi ya bure ya kuingia ndani ukijiandikisha. Huko jikoni, kwenye dirisha, Rais Mary Robinson aliweka taa baada ya kuingia madarakani 1990, ishara kwa Waairishi walioko ughaibuni. Mtu aliyehama kwao kama mumeo, hiyo ataielewa bila kufasiriwa.

Siku ya mvua ya kutwa, makumbusho ya taifa ni bure. La Kildare Street lina dhahabu za kale na miili ya watu iliyohifadhiwa na udongo wa bwawa kwa zaidi ya miaka 2,000. Mmoja wao, aliyepatikana Clonycavan, nywele zake bado zimesimamishwa kwa mafuta ya utomvu yaliyotoka Ufaransa au Hispania. Mdogo wako anaweza kuogopa, mkubwa atawasimulia shule nzima. Na kwa mumeo nina chambo maalumu: makumbusho ya Chester Beatty, pale kwenye viwanja vya Dublin Castle, nayo bure. Mkusanyiko wake una msahafu ulioandikwa Baghdad kwa mkono wa Ibn al-Bawwab mwaka 391 Hijria. Haukai kabatini muda wote, kwa hiyo aulize kwanza kama umetolewa. Hata usipokuwepo, misahafu mingine iliyopo inatosha kumtoa mtu kwenye kochi. Mpe habari hiyo Alhamisi, kimyakimya, kisha nyamaza.

Mkishazoea, panueni. Kilkenny ni treni ya saa moja na nusu kutoka Heuston na ngome iko umbali wa kutembea. Newgrange ni kaburi la mawe la mwaka 3200 hivi kabla ya Kristo, kubwa kwa umri kuliko piramidi za Giza. Alfajiri za siku fupi kabisa za Desemba jua linapenya kwenye tundu la juu ya mlango na kuingia hadi chumba cha ndani kwa dakika 17. Kuingia siku hizo ni kwa bahati nasibu, lakini siku nyingine kiongozi anazima taa na kuwaonyesha kwa balbu, na watoto wanafurahi vilevile. Wekeni nafasi mapema. Glendalough isubiri mapumziko ya Mtakatifu Brigid mwanzoni mwa Februari, Jumatatu ya mapumziko tangu 2023. Jua limeshasogea hadi saa kumi na moja, na bonde lile giza lake linawahi.

Tahadhari mbili tatu. Tazameni rangi za tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa, kabla ya kutoka: njano, kuweni macho, machungwa, pwani msiende, nyekundu, msitoke kabisa. Dhoruba Éowyn ya Januari 24, 2025 ilileta upepo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa huko Mace Head, na nchi nzima ilijifungia. Desemba 25 hakuna basi, treni wala tramu Dublin nzima, msijipangie safari. Na jua la huku kuanzia Oktoba hadi Machi halitengenezi vitamini D mwilini, ngozi zetu nyeusi ndiyo zaidi; wewe ni muuguzi, unajua, lakini wauguzi ndio husahau kujipa wao wenyewe na kuwapa wanao. Mdogo wako wa miaka minne anapaswa kupewa matone kila siku, Oktoba 31 hadi Machi 17. Na ukitoka zamu ya usiku Ijumaa, Jumamosi lala. Safari iwe Jumapili. Mama mwenye usingizi anagomba hata na sili.

Kuhusu kudharauliwa: mumeo mpe kazi, si lawama. Yeye ndiye ashike kadi za Leap, aangalie hali ya hewa, achague siku. Ada ya mdogo wake isiguswe. Tengeni euro 20 kwa wiki za matembezi, na azishike yeye, ataona Howth imekula ngapi. Mwanamume wa kwetu ukimpa msafara auongoze, baridi inapungua yenyewe.

Na akikataa bado, msigombane mbele ya watoto wala usimnunie. Mwage vizuri, ondoka na wanao saa tatu, mwachie jiko. Mwambie mtarudi na njaa, na kwamba maharage yanataka nazi.

Somo